Kitambaa hakijaungua

Mhariri habari za kazi. Mmeuliza wiki hii ni fikra gani inamvusha mtu kwenye vikwazo mpaka afanikiwe. Najua wengi watawajibu kujiamini, ila mimi ni fundi cherehani na kujiamini ndo kuliniponza.

Desemba ya mwaka juzi nilipata oda ya sketi 40 za shule ya msingi, za wasichana wakubwa wa la sita na la saba, kitambaa nimekikopa dukani. Usiku umeme umekatika, nina tochi ya simu tu, nikajiona mzoefu bwana, nikalaza kitambaa tabaka tabaka nikapitisha mkasi bila kupima mara ya pili. Asubuhi naweka futi kamba nakuta inchi 18, na mteja alitaka 24. Nikakaa chini palepale kwenye vipande, chai sikunywa, kichwani deni tu.

Kuna mzee jirani anashona suti, akaja kuazima pasi, akaziangalia, akasema, "Binti yangu, kitambaa hakijaungua hicho." Akabeba pasi akaondoka zake. Nilimkasirikia kweli! Baadae ndo ikaniingia: shule za msingi za serikali bluu yao ni ileile, na Januari watoto wa darasa la kwanza wanaanza, kwa hiyo hizi ni sketi za watoto wadogo, bado tu hazijapata wenyewe.

Ndo jibu langu hilo. Anayevuka ni yule anayekubali mapema kwamba lengo la kwanza limekufa, anashika lingine na barabara haachi. Mcheki mzee wetu John Stephen Akhwari wa Mbulu, marathoni ya Olimpiki Mexico City 1968, alianguka njiani akaumia goti na bega, ushindi ukawa umeshaisha pale, mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa na zaidi ya saa nzima tangu amalize ndo Akhwari anaingia uwanjani giza limeshaingia, bandeji mguuni, anachechemea. Walianza 75 wakamaliza 57, yeye ndo wa 57. Watu wanamsifia uvumilivu na ni sawa, ila mi naona pia alibadilisha hesabu akiwa bado anakimbia, kutoka kushinda kwenda kumaliza. Hata Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5000 mwaka 2003, 2012 akakosa nafasi timu ya Kenya ya Olimpiki ya London, mwaka uliofuata akahamia marathoni, mengine mnayajua.

Sasa msidhani mambo yalininyookea. Upana ulizidi ikabidi niongeze marinda na kazi ikawa mara mbili, na zile sketi kubwa za mteja ilibidi ninunue kitambaa kingine, nikachelewa wiki nzima, akachukua mzigo wake amenuna na mpaka leo hajarudi, simlaumu. Zile ndogo ziliisha kabla Januari haijaisha, deni la dukani nikalimaliza mwezi wa nne, faida nilibaki na hela ya mafuta ya mashine na nyuzi.

Siku hizi nina kijana wa kazi, kabla hajakata namlazimisha apime mara mbili mbele yangu, ananiona mnoko sana.