Kura yangu itaishia kwa nani?

SWALI: Naishi Melbourne, Australia. Nikiandika 1 kwa chama nikipendacho, kweli kura yaweza kumfikia nisiyemtaka?

JIBU: Kwenye Baraza la Juu, ndiyo. Katika uchaguzi wa jimbo lako la Victoria wa 2022, aliyeweka 1 juu ya mstari wa karatasi ya kura, penye majina ya vyama, alifuata orodha ya mapendeleo (kura ihamie kwa nani baadaye) iliyowasilishwa na chama chake, mara nyingi baada ya mapatano na vyama vingine. Western Australia, 2021, mgombea mwenye kura 98 tu za chaguo la kwanza alipata kiti kwa njia hiyo. Jimbo likaufuta utaratibu huo mwaka uleule, na lilifanya vyema. Dawa ni kujaza chini ya mstari, penye majina ya wagombea, angalau 1 hadi 5, upendavyo wewe. Bunge la Chini, jaza visanduku vyote bila kurudia namba. Huko vikaratasi vya vyama vya kuelekeza jinsi ya kupiga kura ni ushauri tu.