Maswali na majibu: Je, kitanzi kinazuia mauaji?

Makala yangu ya kupinga adhabu ya kifo imewagusa wengi hapa Tanga. Nayajibu machache.

Kaka, tusiponyonga, wauaji wataogopa nini? (Bodaboda, Chumbageni)

Wataogopa kukamatwa. Nchi yetu haijanyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990, ingawa sheria ipo na majaji wanaendelea kuhukumu. Anayekodi bodaboda usiku kumbe anataka kumkaba dereva na kuondoka na pikipiki, hawazi kitanzi wala kifungo cha maisha. Anatazama kama barabara ina watu. Mwaka 2012 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipitia tafiti za zaidi ya miaka 30, likasema haziwezi kutuambia kama adhabu hii inapunguza mauaji au inayaongeza. Kanada iliifuta 1976 na mauaji hayakufumuka.

Nenda mahakamani usikilize: "upelelezi haujakamilika", kesi inaahirishwa, tena na tena. Kesi ya mauaji haina dhamana, hivyo aliyeua na aliyesingiziwa wote wanasota mahabusu, huku shahidi akihama, akisahau au akitishwa. Hapo ndipo muuaji anapopata moyo. Na mitaani je? Kibaka anachomwa moto mchana kweupe, watoto wanaona, na bado wizi uko palepale.

Shikamoo. Wajerumani walinyonga hadharani, watu wakatii. Si kweli? (Mwanafunzi, Pangani)

Marahaba mwanangu. Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, alinyongwa hapohapo kwenu, Desemba 1889. Bwana Heri wa Saadani hakuacha kupigana hadi 1890. Mwaka 1891 Wahehe wa Mkwawa wakakiangamiza kikosi cha Wajerumani kule Lugalo, na 1905 ikazuka Maji Maji. Waliopigania nchi yao siwaweki kundi moja na majambazi, hata kidogo. Lakini ukiniuliza kama kitanzi kiliwatia watu woga wakatulia, jibu liko kwenu Pangani.

Qur'ani imeweka kisasi. Wewe nani upinge? (Mama, Makorora)

Sipingi, mama. Suratul Baqara aya ya 178 inataja kisasi, na papo hapo inafungua mlango wa msamaha na fidia kwa ndugu wa marehemu. Sheria yetu ya nchi haina mlango huo. Mtu akitiwa hatiani kwa mauaji, jaji hana hiari, lazima atamke kifo, hata ndugu wakilia asiuawe. Mahakama ya Afrika, Arusha, ilisema mwaka 2019 kwamba kumfunga jaji mikono hivyo kunavunja haki ya kuishi.

Mdogo wangu aliuawa. Muuaji anakula ugali wa serikali. Unaniambia nini? (Mfanyabiashara, Mgandini)

Pole sana, dada. Sikuambii usamehe, na hasira yako ni haki yako. Ninachokataa ni wewe kuahidiwa kitanzi badala ya ulinzi. Mdogo wako alistahili mtaa wenye taa na polisi wanaofika wakiitwa.

Mjamzito ananyongwa? (Bila jina)

Hapana, anafungwa maisha. Aliyeua akiwa hajatimiza miaka 18 naye hanyongwi.