Kabla ya kubishania ukuta, chimbeni muuone msingi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: jirani akitaka kujenga chumba kitakachoegemea ukuta wa nyumba yako, utafanya nini? Nimeishi na jambo hilo miezi saba, kwa hiyo mniwie radhi jibu langu likiwa refu.

Jioni moja nilirudi kutoka kazini nikakuta vigingi vinne vimepigwa upande wa jirani. Kamba ilikuwa imevutwa kutoka kigingi hadi kigingi, na ncha zake mbili zimekuja kugusa ukuta wangu, mojawapo chini kabisa ya dirisha la chumba tunacholala. Hatukuwa tumeambiwa neno. Nilitaka kumfuata muda uleule. Mke wangu akanishika mkono akasema, "Leo usiende. Nenda kesho, ukiwa na la kuuliza." Mpaka leo namshukuru, kwa sababu maneno ambayo ningeyatoa jioni ile yasingerudi mdomoni.

Kesho yake mzee alinipokea vizuri tu. Alitaka kumjengea binti yake chumba, na kwa hesabu yake kuta tatu zingetosha maana wa nne "si upo tayari." Akanikumbusha hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, kwamba jirani asimzuie jirani yake kupachika boriti kwenye ukuta wake. Naijua hadithi hiyo, na najua pia kwamba wanazuoni walitofautiana: wapo walioiona ni amri, na wapo walioiona ni himizo la wema. Nikamjibu kwa ile nyingine anayoijua kila mtu, hakuna kudhuru wala kudhuriana. Hapo tukaacha kutafutiana hoja. Nikamwomba vitu viwili: nione ramani ya chumba, na asichimbe chochote kabla sisi wawili hatujaona msingi wangu umekaaje.

Na hili la pili ndilo ninalotaka wasomaji walichukue. Watu hugombana juu ya ukuta kwa sababu ndio unaoonekana, lakini nyumba huharibiwa na yanayofanyika chini yake.

Tulichimba shimo dogo upande wake, yeye akiwa amesimama palepale na fundi wake. Kitako cha zege cha msingi wangu kilikuwa sentimita 60 tu chini ya ardhi. Tena kilitokeza sentimita 15 upande wa mzee kupita mstari wa ukuta, maana aliyejenga nyumba ile miaka mingi kabla yangu hakujali. Nilinyamaza nilipoona hivyo. Nilikuwa nimekwenda kama mdai, kumbe na mimi nilikuwa ndani ya ardhi yake. Nikamwambia wazi, na nadhani ndipo alipoanza kunisikiliza.

Mtaro wa msingi wake ulikusudiwa kushuka sentimita 90. Fundi akatueleza hatari yake kwa kijiti, akichora kwenye udongo. Uzito wa nyumba haushuki wima peke yake, husambaa kadiri unavyokwenda chini. Vuta mstari kutoka ukingo wa chini wa kitako, uuteremshe kwa mlalo wa nyuzi 45. Udongo ulio ndani ya mstari huo ndio uliobeba nyumba. Mtaro ukiukata, udongo uliokuwa umebanwa unapata mahali pa kukimbilia, hasa mvua ikinyesha mtaro ukiwa wazi. Ikilazimu kuchimba karibu hivyo, huchimbwa kipande kifupi, kama mita moja, kikamwagwa zege na kuachwa kikauke, ndipo kifuate kipande kingine kisichopakana nacho. Anayefungua mtaro mzima kwa siku moja kando ya ukuta wa mwenzake anaichezea nyumba yenye watu ndani. Uingereza wana sheria ya kuta za mpakani ya mwaka 1996: ukitaka kuchimba ndani ya mita 3 kutoka jengo la jirani, tena chini zaidi ya msingi wake, unampa taarifa ya maandishi angalau mwezi mmoja kabla. Hata pasipo na sheria kama hiyo, mwezi mmoja ni muda wa kiungwana kuuomba.

Halafu kuna suala la nyumba kuukuu na nyumba mpya kushikana. Yangu ilikwisha kukaa. Yake ingeshuka kidogo misimu ya mwanzo, kama jengo lolote jipya. Ukizifunga pamoja kwa tofali na plasta, moja ikishuka na nyingine ikikataa, ufa utatokea kwenye maungio, na ndani ya ufa maji yatapita. Kwa hiyo hata jirani akijenga karibu kiasi gani, awe na ukuta wake mwenyewe juu ya msingi wake mwenyewe. Boriti na kenchi zake zisilale kwenye ukuta wako. Kwa hilo sikukubali kulegeza.

Basi aache nafasi gani? Kosa baya kuliko yote, kwa maoni yangu, ni ule mwanya wa upana wa kiganja ulio wazi juu. Mkono hauingii kusafisha, panya wanaingia, majani yanaoza, maji yanatuama na kupanda ukutani. Ama jirani aache njia ambayo mtu anapita na ngazi na ndoo ya plasta, ama mwanya uzibwe kwa kitu laini kinachokubali kubonyea, na juu yake ufunikwe kwa bati lililokunjwa. Udongo nao usirundikwe ukutani kupita ile karatasi ya nailoni iliyolazwa juu ya msingi kuzuia unyevu. Udongo ukishaipita karatasi hiyo, kazi yake imekwisha.

Maji ya paa ni ugomvi wa peke yake. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 30 likipata mvua ya milimita 40 linamwaga lita 1,200, sawa na mapipa sita ya lita 200, na yote yakielekea kwako yataangukia mguu wa ukuta wako. Uliza mteremko wa paa unaangalia wapi kabla kenchi hazijapanda.

Sasa nililipa nini mimi? Mpima ardhi alituonyesha kuwa mpaka ulikuwa unagusa plasta yangu, kwa hiyo dirisha langu lilikuwa linavuta hewa ya kwake. Sikuwa na haki ya kumwamuru asogee mita moja, nilikuwa na haja tu. Nikamwambia: sogea mita moja, paa lielekee kwako, nami nitalipa nusu ya tofali za ukuta wa nne. Ndugu zangu waliniona mjinga. Lakini mzee alikuwa anapoteza sehemu ya chumba cha binti yake ili mimi nipate mwanga, na huwezi kumwomba mtu ahasirike peke yake kwa faida yako. Kwa kuwa misingi yetu ilipishana sentimita 30 tu kwa kina, umbali ule uliondoa na hofu ya msingi.

Kabla mafundi hawajaanza tulizunguka nyumba yangu pamoja, chumba kwa chumba, tukipiga picha kila ufa. Chini ya dirisha palikuwa na ufa mwembamba kama uzi. Nilikata mstari mdogo wa penseli kwenye ncha zake zote mbili na kuandika tarehe pembeni. Waliposhindilia kifusi kwa mashine ufa ule uliongezeka sentimita 3. Mzee aliuangalia, akaona alama, akamtuma fundi wake auzibe, bila maneno. Wiki ileile niliona ufa mwingine jikoni nikaapa ni wao. Mke wangu akafungua picha: ulikuwepo tangu mwanzo, na urefu wake ulikuwa uleule. Bila picha ile ningemdhulumu mzee wa watu.

Najua si kila jirani ni kama yule. Akikataa kuonyesha ramani, mwandikie barua yenye tarehe ukabaki na nakala, kisha nenda upesi kwenye ofisi inayotoa vibali vya ujenzi ukaulize kama anacho na kinasema nini kuhusu umbali kutoka mpakani. Mwombe mhandisi au fundi mkongwe auangalie msingi wako na kukuandikia alichokiona. Upesi, nasema, kwa sababu kusimamisha mtaro ni kazi ya siku chache, ila chumba kikishaezekwa na mtu akalala ndani, utadai kibomolewe miaka mingi.

Na mkikubaliana, andikeni. Yetu ni ukurasa mmoja: umbali, kina cha msingi, mteremko wa paa, nani anarekebisha nyufa, na kwamba kila mmoja ataruhusiwa kupita kwenye ile mita moja kukarabati ukuta wake. Tumetia sahihi sote wawili pamoja na mashahidi, na binti yake naye ametia. Nakala yangu iko kwenye bahasha moja na hati ya nyumba, ili atakayeishi humu baada yetu aikute.