Damu imepanda, mbona huzuni haijaondoka?

SWALI: Habari daktari. Naandika kutoka Ujiji. Dada yangu ana miaka 29, alijifungua miezi mitano iliyopita. Alipopimwa alikutwa na HB (kipimo cha wingi wa damu) ya 8.4, akapewa vidonge vya kuongeza damu. Baada ya wiki nne imefika 10.1. Uchovu umepungua, ila bado analia ovyo, usiku halali hata mtoto akilala, na mtoto mwenyewe hamchangamkii. Wengine wanasema ni damu, wengine sonona. Ni ipi? Na je, dawa za sonona hupunguza damu?

JIBU: Kaka, usihangaike kuchagua moja. Kwa maelezo yako, dada yako huenda anazo zote mbili, na kila moja inadai tiba yake.

Uhusiano upo. Madini ya chuma hayaishii kwenye damu. Ubongo nao unayahitaji ili kutengeneza dopamini na serotonini, kemikali zinazogusa hamu, usingizi na utulivu wa moyo. Na kwa kuwa akiba ya chuma mwilini huisha kabla HB haijashuka, mtu anaweza kuwa mzito wa akili na mwepesi wa hasira huku kipimo kikisema damu ipo. Upande wa pili, mwenye sonona hana hamu ya chakula: anashindia chai ya rangi na kipande cha muhogo, na damu inashuka. Hata hivyo, vidonge vya chuma si dawa ya sonona. Vinamsaidia aliyepungukiwa chuma, basi.

Kinachowachanganya watu ni kwamba uchovu, kukosa umakini na usingizi mbovu vipo kote kote. Angalia visivyofanana. Moyo kwenda mbio akipanda mwinuko na ndoo ya maji, pumzi kukata, weupe ndani ya kope la chini na viganjani, kutamani kula udongo: hapo damu inahusika. Kukosa raha na kila alichokipenda, kujilaumu, kujiona mzigo, kuamka saa tisa usiku asirudi kulala, kuwaza kifo: hayo upungufu wa damu peke yake hauyaelezi. Yakidumu wiki mbili au zaidi karibu kila siku, ni ya kufanyiwa tathmini ya sonona. Kutomchangamkia mtoto kunaangukia hapa.

Damu yake inakwenda vizuri. Kupanda kwa gramu 1 hadi 2 kwa wiki tatu au nne ndiko kunakotarajiwa, lakini 10.1 bado iko chini ya 12, kiwango cha mwanamke asiye mjamzito. Wengi huacha vidonge hapa kwa sababu nguvu zimerudi. Asiache. HB ikishafika 12 aendelee kwa miezi mitatu mingine ili akiba ijae. Kidonge cha 200 mg cha ferasi salfeti kina takriban 65 mg za chuma. Kimoja kwa siku kinatosha watu wengi. Kumeza vitatu hakuleti damu mara tatu, maana baada ya dozi moja mwili hupunguza ufyonzaji kwa karibu siku nzima, na kinachobaki tumboni ndicho kinacholeta kichefuchefu na kufunga choo. Choo kuwa cheusi ni kawaida.

Ameze na maji yaliyokamuliwa limau au chungwa. Chai, kahawa na maziwa vikae mbali kwa saa mbili. Dagaa na migebuka vina chuma kinachofyonzwa vizuri kuliko cha matembele. Juisi ya rozela inywewe kwa utamu wake. Wekundu wa kinywaji haugeuki damu. Vidonge vifichwe mbali na watoto, kwani vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

HB ikigoma kupanda, msiongeze dozi kwa kubahatisha. Apimwe malaria, choo kwa ajili ya minyoo ya safura na kichocho, na selimundu kama hajawahi kupimwa. Aulizwe pia kuhusu hedhi: kitanzi cha shaba, cha uzazi wa mpango, huongeza damu ya hedhi kwa baadhi ya wanawake. Kwa aliyejifungua karibuni naomba pia kipimo cha tezi ya shingo, kwa sababu ikivurugika huleta uchovu na huzuni vilevile.

Tathmini ya sonona isisubiri HB ifike 12. Aanzie kliniki anakompeleka mtoto, na kama hapo hakuna mtaalamu wa afya ya akili, waombe rufaa kwenda hospitali ya Maweni, Kigoma. Sonona isiyo kali mara nyingi hutibiwa kwa ushauri wa vikao na msaada wa nyumbani: kuna mtu wa kumshika mtoto usiku ili yeye alale? Ikihitajika dawa, aseme mapema kuwa ananyonyesha, maana fluoksetini, mojawapo ya dawa za sonona, hukaa mwilini muda mrefu na daktari anaweza kuchagua nyingine. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, si siku ya tatu.

Dawa hizo hazipunguzi damu moja kwa moja. Ila fluoksetini na ndugu zake hudhoofisha kidogo kazi ya chembe za kugandisha damu. Zikichanganywa na diklofenaki au ibuprofeni, zile zinazonunuliwa dukani kwa ajili ya mgongo, hatari ya kuvuja damu tumboni huongezeka. Akiumwa, ameze parasetamo. Choo cheusi kinachonata kama lami na chenye harufu kali si cha vidonge vya chuma, aende hospitali.

Siku hiyohiyo mpelekeni pia akihema kwa shida amekaa, akizimia, au HB ikishuka chini ya 7. Na muulizeni waziwazi kama anawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, asiachwe peke yake hata kidogo, sumu ya panya na dawa za shambani zitolewe nyumbani, na safari ya hospitali isingoje asubuhi.