Muulize Dokta: Mbegu za mume safi, mbona mimba haishiki?

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Makorora hapa Tanga, ndoa yangu inaingia mwaka wa pili na mimba hamna. Mume kapima, kaambiwa mbegu nyingi na zinaogelea vizuri. Wifi yangu anasema mbegu ikitoka tu ishakuwa tayari, kwa hiyo tungoje siku yenyewe ya yai, siku nyingine ni kujichosha bure. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wifi kakupoteza hapo. Mbegu ikitoka inaogelea ndio, ila kurutubisha yai bado haiwezi, mpaka ikae masaa kadhaa ndani ya mwanamke ndo iive. Hili lilijulikana tangu 1951, watafiti wawili waligundua, Chang akiwa Marekani na Austin akiwa Australia, kila mtu kivyake, kwa kupima wanyama.

Humo ndani kwanza mbegu inavuliwa kolesteroli, yaani mafuta, kwenye utando wake, halafu baikaboneti, aina ya chumvi iliyomo kwenye majimaji ya mwili, inaingia inaamsha kimeng'enya, yaani kichocheo cha kazi za seli, na protini za mkiani zinaanza kubadilika. Ikikaribia yai, seli zilizolizunguka zinatoa projesteroni, hiyo hiyo homoni ya mimba, na hapa mie ndo huwa nashangaa maana kwa kawaida homoni hii huingia mpaka kwenye kiini cha seli ikawashe jeni, lakini jeni za mbegu zimefungwa, basi inafanya kazi pale pale kwenye utando, sekunde chache tu vimilango vya mkiani vinavyoitwa CatSper vinafunguka, kalsiamu inamiminika, mkia unaanza kuchapa kama mjeledi na mbegu inapata nguvu ya kupenya. Mambo haya ya projesteroni na CatSper yalithibitishwa kwa binadamu 2011.

Wapo wanaume, wachache, ambao vimilango hivyo havifanyi kazi. Kipimo cha kawaida kinasema safi, mimba hakuna.

Sasa nyie msingoje siku ya yai. Mbegu inaweza kuishi humo mpaka siku 5, yai lenyewe halifikishi hata siku nzima, kwa hiyo kutaneni kila baada ya siku moja au mbili kuanzia siku kama 5 kabla yai halijatoka, likitoka likute mbegu zishaiva zinalingoja. Na kwa vile mwaka ushapita, nendeni wote wawili kwa daktari wa uzazi, na wewe ukapimwe mirija na homoni, maana naona aliyepimwa mpaka sasa ni yeye peke yake.