Ganda limegoma kutoka: maswali ya wenye raifo

Raifo yangu ya risasi za .375 H&H hutoa maganda vizuri asubuhi. Mchana, tukiwa Longido, bolti, komeo linalofungia risasi ndani, inakuwa ngumu kuinua. Kucha yake inayovuta ganda imekwisha? (Njiro, Arusha)

Kucha ikilika, inalika asubuhi na mchana. Mimi naishuku dashibodi ya gari lako. Risasi zikikaa juani, baruti huwaka kwa kasi zaidi, shinikizo hupanda, na ganda hutanuka hadi kung'ang'ania kuta za chemba, pale risasi inapokaa ikipigwa. Okota ganda moja la mchana utazame kitako chake: fataki, kile kidude cha katikati kinachogongwa na pini, imebapa kabisa? Kuna alama inayong'aa kama imepigwa muhuri? Basi ni shinikizo. Weka risasi kivulini. Zile za kivulini nazo zikigoma, acha kupiga risasi za boksi hilo.

Na ujue kwamba aina hiyo ya risasi, iliyotoka 1912, ina ganda lililochongoka kuelekea mbele, hivyo kwa kawaida hutoka kirahisi. Ikikwama, usiidharau.

Jirani kaniambia nipake oili ndani ya chemba ili ganda liteleze. (Monduli)

Mshukuru, kisha usifanye. Oili ikikutana na vumbi la huko kwenu inageuka tope la kusagia chuma. Tena ganda lisiposhika kuta za chemba, kishindo kinaielemea bolti zaidi. Sugua chemba kwa brashi yake, futa mpaka ikauke.

Mauser ya marehemu baba haikubali kufunga nikitumbukiza risasi moja kwa mkono. (Moshi)

Nzima hiyo. Kucha ya Mauser 98 hukamata ukingo wa kitako cha risasi inapopanda kutoka magazini. Pitishia risasi huko, ukilazimisha utaivunja kucha.

Kucha imechana ukingo, ganda limebaki ndani. Niligonge kwa ufito? (Himo)

Kama una hakika limeshapigwa, ndiyo: toa bolti, ingiza ufito wa kusafishia kwa mdomo wa mtutu, gonga taratibu. Kama ni risasi nzima, usithubutu. Elekeza mtutu pasipo na mtu na umwite fundi mwenye leseni.

Likitoka, lichunguze ubavuni. Mikwaruzo maana yake chemba ina kutu, na bunduki iliyolala kwenye mfuko wa ngozi masika nzima huko kwenu haikosi. Kung'arisha chemba ni kazi ya fundi. Msasa wa dukani utaipanua, na hapo kila ganda litakwama.