Usitie mafuta ya cherehani kwenye shata ya kamera: kwa mwenye Yashica ya marehemu baba

Mkuu, weka chini hiyo chupa ya mafuta ya cherehani. Kama umeshaifungua, ifunge.

Umeandika kwamba umerithi kamera ya Yashica Electro 35 GSN ya marehemu baba, imekaa kabatini miaka, ukibonyeza inalia "tik" lakini ndani ya lenzi hakuna kinachofunguka. Betri yake ya asili huipati madukani, lenzi ina utandu kama wa buibui, na unauliza mkanda wa picha unauzwa wapi siku hizi. Halafu chini kabisa umeongeza, kama jambo dogo tu, kwamba fundi saa mmoja kakuambia "mashine iliyokaa inataka mafuta", kwa hiyo kesho ukitoka kazini utadondosha matone mawili kwenye shata. Hicho cha mwisho ndicho kilichonitoa kitandani.

Majani ya shata, yaani vile vipande ndani ya lenzi vinavyofunguka na kufumba kupitisha mwanga, hayatiwi mafuta. Hata tone moja, hata yawe mafuta ya bei mbaya kiasi gani. Mimi niliyatia, na nitakueleza yalinigharimu nini.

Kamera yangu ilikuwa Electro 35 kama hiyo yako, nimeinunua mtumba. Ilikuja na ugonjwa huohuo: tik, kimya, majani yamefumba. Nikampigia aliyeniuzia. Akaniambia bila hata kufikiri, "Pulizia mafuta kidogo kaka, itafunguka." Nikaingia mtandaoni, nikamkuta jamaa kwenye video anafanya hivyohivyo, anacheka, shata yake inafunguka, watazamaji wanampongeza. Video ikaishia hapo. Hakuna aliyerudi wiki ya pili kuonyesha imekuwaje. Mpaka leo nikiikumbuka ile video damu inanichemka, kwa sababu mtu yule alionyesha nusu ya ukweli na akaiita matengenezo.

Nikachukua mafuta ya cherehani ya mama, nikachovya sindano, nikagusisha katikati ya majani. Mkuu, ikafanya kazi. Hapo ndipo mtego ulipo. Nilipiga mara ishirini, thelathini, kila mara yanafunguka na kufumba. Nikafurahi mno. Nikanunua mkanda wa picha 36, nikaupakia, wiki iliyofuata nikaenda Pangani kwa bibi, sikukuu ya Idd.

Bibi yangu alikuwa hapendi kupigwa picha. Picha yake pekee tuliyokuwa nayo ni ile ya kitambulisho. Siku ile alikubali, sijui nini kilimwingia. Alivaa kanga mpya, akakaa barazani, akaniuliza mikono aiweke wapi. Nikampiga peke yake, nikampiga na shangazi, nikampiga akiwa amempakata mtoto wa dada yangu, nikampiga anacheka kwa sababu mtoto alikuwa anamvuta kipini cha puani. Kila nikibonyeza nasikia tik. Mkanda wote ukaisha pale. Simu ilikuwa mfukoni. Nilipiga moja tu, ya mbali, na bibi kafumba macho. Nilijiambia za maana ziko kwenye mkanda.

Nikaupeleka Dar kuoshwa. Nilipokwenda kuuchukua, kijana wa dukani akaunyoosha mbele ya taa bila kusema neno. Mkanda mzima mweupe kama plastiki ya daftari. Hakuna fremu hata moja. Bibi akafariki miezi minne baadaye.

Nikampigia tena yule muuzaji. Akasema, "Labda mkanda ulikuwa umeharibika, au wameuosha vibaya." Nikamwamini kwa mara ya pili! Nikaenda kugombana na watu wa duka la kuosha picha, watu wasio na kosa lolote. Aliyeniokoa na ujinga ule ni mzee mmoja aliyewahi kuwa na studio yake Tanga. Aliushika ule mkanda pembeni kwa kucha, akanionyesha ukingoni. "Unaona hizi namba, mwanangu? Unaona jina la mkanda limetokea jeusi? Basi dawa imefanya kazi yake. Wangeukosea kuosha, na hizi zisingekuwepo. Huu mkanda haukuona mwanga." Kisha akaniomba kamera, akafungua mlango wa nyuma, akaielekeza dirishani na kubonyeza. Tik. Giza tupu. Akabonyeza tena. Giza.

Hapo akanipa somo ambalo ningelipata kabla ya Idd, ningekuwa na bibi yangu ukutani leo. Majani ya shata ni vipande vya chuma vyembamba kuliko wembe, vinalaliana na kuteleza kimojawapo juu ya kingine. Springi inayovivuta ni dhaifu, maana vyenyewe vinatakiwa kuwa vikavu na vyepesi. Kwenye kasi ya 1/500 ya sekunde vina sehemu mbili tu kati ya elfu moja za sekunde kufunguka na kufumba. Sasa chukua vioo viwili, tia tone la maji katikati, kisha jaribu kuvitenganisha. Ndicho kinachotokea kwenye majani yenye mafuta: yanashikana. Yakiwa mabichi yanateleza kidogo, ndiyo maana ile siku ya kwanza nilipiga makofi. Baada ya siku chache mafuta yanatambaa, yanakamata vumbi, yanakuwa gundi. Na hayabaki pale ulipoyaweka. Yangu yalifika mpaka kwenye majani ya apacha, yale yanayopunguza au kuongeza tundu la mwanga, na kamera nilivyoiacha kwenye gari juani, mvuke wake ukaganda kwenye kioo cha ndani kama pumzi kwenye dirisha.

Kilichokwamisha shata yako tangu mwanzo, kwa uwezekano mkubwa, ni mafuta ya zamani yaliyokimbia kutoka sehemu nyingine za lenzi yakafika kwenye majani. Yaani mgonjwa ana mafuta mengi mahali pasipotakiwa, na daktari wako anataka kumwongezea. Fundi saa anajua saa. Saa ina ekseli na mawe yanayotaka mafuta. Aulizwe saa.

Kinachotakiwa ni kuosha. Tafuta petroli nyepesi, ile ya kujazia vibiriti vya Zippo, na vijiti vya pamba vya masikio. Fungua madirisha, zima jiko, maana mvuke wake unawaka upesi kuliko unavyodhani. Pete ya mbele yenye maandishi inafunguka kwa kuibana na raba. Mimi nilitumia kizibo cha sinki, kimeienea vizuri. Usiichokoe kwa bisibisi, utachubua. Kabla hujatoa kioo cha mbele, weka alama ya kalamu mahali kilipokaa, ukirudishe palepale. Ukishakitoa, majani unayaona wazi.

Chovya kijiti, kikamue kwanza kisidondoke, kisha gusa majani kidogo tu, kama unavyomfuta mtoto machozi. Vuta mkono wa kusogeza mkanda, bonyeza, futa kwa kijiti kikavu. Rudia. Vijiti vya kwanza vitatoka na rangi ya chai. Endelea mpaka vitoke vyeupe. Usimimine, kwa sababu ukimimina unaubeba uchafu kuupeleka ndani kwenye nyaya, na GSN shata yake ni ya umeme, ina sumaku na vigusio vidogo ambavyo hutaki vilowe. Na kidole kisiguse majani kabisa, jasho linaacha kutu.

Jambo moja ambalo watu hulikosa: shata ikiwa bado ina petroli itafanya kazi vizuri sana. Usishangilie. Petroli ikikauka, mafuta yaliyoyeyuka yanarudi palepale na majani yanashikana upya. Iache ilale usiku mzima, asubuhi ijaribu kabla ya kitu kingine chochote. Ikisita hata mara moja, osha tena. Yangu niliiosha mara nne kwa siku nne, na hiyo ni baada ya kumlipa mzee shilingi 80,000 anisafishie kioo cha ndani nilichokichafua mwenyewe.

Betri: ile ya asili ilikuwa ya zebaki ya volti 5.6, haitengenezwi tena. Tafuta 4LR44 ya volti 6, kamera inaipokea. Ni fupi na nyembamba, kwa hiyo izungushie karatasi ngumu isichezecheze, na nafasi inayobaki weka springi ya chuma. Bila betri Electro inapiga 1/500 tu, kwa hiyo usikate tamaa ukiijaribu ikiwa tupu, majani yanatakiwa kupepesa hata hivyo. Na ukivuta mkono wa kusogeza mkanda, sikiliza kama kuna mlio mzito wa "tok" ndani. Usipousikia, kuna kijiraba kimeoza mle na picha zako zitaungua kwa mwanga. Hiyo ni kazi nyingine, tutaiongea ukifika.

Najua kuna mdau atakuja hapa chini aseme "mimi nilitia mafuta na kamera inapiga mpaka leo." Ndugu yangu, kabla hujaandika, fungua mlango wa nyuma, piga mara hamsini ukiangalia dirishani, kisha rudia baada ya wiki mbili. Ukiona mwanga mara zote hamsini, njoo tuzungumze.

Mkuu, fanya hivi kesho badala ya mafuta. Toa mkanda kama upo, fungua nyuma, elekeza lenzi kwenye mwanga, jicho lako liwe nyuma ya majani. Bonyeza mara kumi na hesabu ni mara ngapi umeona mwanga. Sikio usilipe kazi hiyo, ile "tik" ilinidanganya mara 36. Halafu piga picha ya majani kwa simu, karibu, tochi ikitokea pembeni, uiweke hapa. Mafuta yakiwepo tutayaona yanang'aa kama ngozi ya samaki, na nitakuambia uanzie jani lipi. Baba yako aliitunza miaka yote hiyo bila kutia tone.